Maana Mbili za Apendiksi

Mjukuu wangu Zainabu,

Marahaba. Huku Kiswere tu wazima, na mguu wa mama yako umepona.

Umeuliza kwa nini apendiksi ni kurasa za mwisho wa kitabu na pia ni kidole tumbo. Nilipokuwa msichana, miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani, nilijua ile ya kitabu tu. Daktari mgeni alimpima tumbo jirani yetu Hamisi, mimi nikitafsiri. Akataja apendiksi, akataja Lindi. Niliona haya kumuuliza, nikamwambia mke wa Hamisi, "Anataka mpeleke Lindi kurasa za mwisho za daftari lake la matibabu."

"Basi tulitafute," akasema.

Walilitafuta siku mbili. Ya tatu tukamzika Hamisi.

Mpaka leo mjane wake hunishukuru kwa kumsaidia, nami sijamweleza. Umefanya vizuri kuuliza.

Bibi yako,
Mwanahawa