Bosi wa Mama Mkwe

Kijiji cha Cholok-Archa,
Mkoa wa Naryn,
Kirgizia.

12 Oktoba 2018

Mpendwa wifi yangu Sairagul,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwenu, ambako jina lako linatajwa kila jioni mkate unapokatwa. Hujambo? Mumeo mgongo umepoa, au bado anabebeshwa masanduku huko ghalani? Na watoto wako wameizoea baridi ya Kazan huko Urusi, au wanakulilia wabaki kitandani?

Sisi wazima, ila binti yetu Begimai ana mafua yake ya kila mwaka. Kaka yako Joldosh amemaliza kuvuna viazi na sasa anatembea akijishika kiuno ili nimwonee huruma. Theluji imeshashika vilele, lakini barabara bado inapitika. Jirani anasafiri kesho kuja huko, nami nimemjazia mfuko wa maandazi yetu ya boorsok ili aone haya kuisahau barua hii. Ningekupigia simu, lakini hapa upepo ukivuma kidogo tu simu inakatika, na habari niliyo nayo haifai kukatwa katikati.

Kaa chini kwanza. Wifi, mimi ndiye msimamizi wa kiwanda chetu cha kushona mazulia ya sufu. Mimi huyu huyu ambaye siku za mwanzo hapo kwenu nilikuwa nikiogopa hata kukohoa.

Msimamizi wa zamani alihamia Bishkek kwa mwanawe, na mwenye kiwanda, Bwana Turatbek, akatuambia tuchague wenyewe. Wenzangu wakanitaja mimi, eti najua kusoma oda na kubishana na madereva. Kisha wote tukamgeukia mama yenu, mkongwe wa kiwanda, tuone uso wake. Unamjua. Alimung'unya jibini lake taratibu mpaka tukachoka kusubiri, ndipo akasema, "Mwacheni aongoze. Akifika nyumbani nitamwongoza mimi."

Basi ndivyo ninavyoishi. Mchana nampangia kazi mama mkwe, jioni natandaza kitambaa cha chakula, nakaa karibu na mlango na kummiminia chai nusu kikombe kwa heshima, kama mkaza mwana mwenye adabu zake. Joldosh anasema siku moja nitachanganya, nimwambie mama achukue zamu ya kuosha vyombo. Namwambia siku hiyo atakuwa mgane.

Sasa sikiliza jambo lenyewe, maana cheo si habari. Hoteli moja ya Bishkek iliagiza mazulia mawili ya ukumbi, makubwa kuliko yote tuliyowahi kushona. Bwana Turatbek alikuwa ameudhika tayari, kwa sababu mazulia mengine yalirudishwa kiangazi baada ya mishono ya kingo kuachia. Akasema haya nayo yakirudi, atamleta binamu yake wa mjini aje kutusimamia. Huyo binamu alishatutembelea mara moja. Alituhesabu kama kondoo na hakumsalimia hata mama.

Nikaitisha kikao cha chai, kama viongozi wanavyofanya. Mama akakaa mbele kabisa, mahali pake pa heshima, wengine wakafuatana kwa umri mpaka kwa Nurzat, mkaza mwana mpya wa fundi mabomba, ambaye alikaa mlangoni na birika. Nikauliza kama kuna tatizo lolote kazini. Mama akajibu, "Hakuna." Aliyemfuata akasema hakuna, na wa tatu hakuna, hakuna ikateremka hadi mlangoni. Nikaenda nyumbani nimefurahi kama mjinga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilisikia kimya tu.

Siku moja saa ya chakula nilirudi kuchukua shali yangu, nikawakuta wanawake watatu wamepiga magoti juu ya zulia, mkasi mkononi, mlango wameurudishia. Walikuwa wakipunguza kingo za yale mapambo ya pembe za kondoo na kuzifunika kwa uzi mnene ili upogo usionekane. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wako Kalipa. Aliponiona aliukalia mkasi. Wifi, mwanamke mzima, mpishi wa rangi za sufu wa kiwanda kizima, ameukalia mkasi.

Unajua tunavyokata. Matabaka mawili ya sufu, jekundu na jeusi, yanapangwa moja juu ya jingine na kisu kinapita yote mawili kwa pamoja, ili pembe nyekundu ihamie kwenye jeusi na nyeusi ihamie kwenye jekundu. Kisu kikikosea, kimekosea mazulia mawili. Na kisu hicho, tangu wewe hujazaliwa, ni cha mama.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu majira ya kuchipua," akasema Kalipa. "Jicho lake limeingia ukungu. Haoni mstari."

"Na mimi mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie wewe yupi?" akasema. "Tukimwambia bosi, atamtoa. Tukimwambia mkaza mwana, atazimia. Tukaona bora tushone."

Nilikasirika, sitakuficha. Nilikasirika kwa sababu walikuwa wamesema kweli. Haya ni makosa ambayo sisi tu ndio tunaweza kuyafanya, kumheshimu mtu mpaka tunamwacha atumbukie. Kila mmoja alijua na kila mmoja alinyamaza, mazulia yakarudi, na mama akabaki na jicho lake bila daktari.

Nikawaambia hakuna mtu atakayepoteza nafasi yake kwa kuniambia ukweli. Nurzat, aliyekuwa ameingia na kuni, akauliza kwa sauti ya chini, "Hata mama?" Nikasema hata mama. Walinitazama kwa adabu kubwa sana. Hawakuniamini hata kidogo.

Nikafikiri, ahadi bila kitendo ni upepo. Jumatatu iliyofuata nikasema mazungumzo yataanzia mlangoni kwenda mbele, si kutoka mbele kuja mlangoni. Mama alikunja uso. Nurzat akawa mwekundu mpaka shingoni, akasema maji ya kumwagia sufu hayachemki vizuri kwa sababu kuni tunazoletewa ni mbichi. Jambo dogo, lakini ndilo lililofanya sufu yetu iwe laini mno na mishono isishike. Siku hiyo hiyo nilimrudisha dereva na kuni zake. Jumatatu ya pili kila mtu alikuwa na la kusema, mpaka chai ikapoa. Wifi, nilitaka kucheza ngoma pale pale.

Lakini la jicho hakuna aliyeligusa. Mimi nisingeweza. Mkaza mwana atamwambiaje mama mkwe kwamba haoni? Ndipo nikakumbuka kwamba yupo mtu mmoja duniani mwenye ruhusa ya kumwambia mama lolote, naye ni mkwe mwenzake. Tangu ulipoolewa na mtoto wa Kalipa, wale wawili wamekuwa watani wa kufa na kuzikana. Nikamwendea Kalipa kwenye masufuria yake, nikamwomba. Akasema, "Akinipiga kwa birika, utanilipia matibabu."

Jumatatu iliyofuata, chai imeshamiminwa, Kalipa akaanza. "Mkwe mwenzangu, pembe zako siku hizi zimepinda mpaka kondoo mwenyewe akiziona anakana ukoo."

Wanawake wakacheka kidogo, kwa woga. Mama hakuchelewa. "Na supu yako siku hizi ina chumvi mpaka mbwa anaomba maji."

"Chumvi yangu naijua," akasema Kalipa. "Wewe jicho lako unalijua?"

Hapo hapakuwa na utani tena. Mama akaweka kikombe chini. Akauliza, "Nani mwingine ameona?" Wa kwanza kujibu alikuwa Nurzat, akiwa bado ameshika birika, akasema, "Mimi, mama." Kisha mwingine, na mwingine, na mimi wa mwisho, nikitazama magoti yangu.

"Kwa hiyo mnanisafisha nyuma ya mgongo wangu," mama akasema, "kama mtoto aliyejikojolea."

Akaendelea, polepole, "Mimi nilijua kabla yenu. Nilinyamaza. Bila kisu mimi ni nani hapa? Ni bibi kizee wa kukaa mbele na kunywa chai."

Wifi, sijawahi kusikia sauti ile ya mama. Nilitaka kwenda kumshika miguu, lakini nilijua nikilia pale kama mkaza mwana, kila kitu kitarudi chini ya zulia. Nikasema mbele ya wote kwamba kuanzia leo chaki ni yake. Atachora kwa mkono wake, mistari mikubwa, maana michoro iko kichwani mwake, haiko jichoni. Nikasema hakuna zulia litakalotoka mlangoni kabla vidole vyake havijapita kingo zote. Na atakayeshika kisu atamchagua yeye mwenyewe.

Akanitazama kwa jicho lile moja zima. "Hiyo ni amri ya bosi, au ni maombi ya mkaza mwana?"

"Ya bosi, mama. Maombi nitayaleta nyumbani."

Kalipa akapaliwa na chai. Mama hakucheka. Akaondoka na kisu chake.

Nyumbani hakunisemesha. Chai yangu aliiacha ikapoa, akamwomba Begimai amletee maziwa. Joldosh alijaribu kusuluhisha akaambiwa akalishe farasi, na farasi walikuwa wameshiba. Nikajua nimeharibu. Nilianza kumwona yule binamu wa mjini amekaa kwenye kiti changu, na mbaya zaidi nilimwona mama amekaa dirishani majira yote ya baridi, mikono mitupu. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Kisha asubuhi moja nikamkuta kazini kabla yangu. Alikuwa ameshachora zulia zima kwa chaki, pembe baada ya pembe, mistari minene kama mkia wa kondoo. Akamwita Nurzat. Msichana alidhani ameitwa kuleta chai. Mama akamkabidhi kisu, akasimama nyuma yake na kushika kiwiko chake, na wakakata pembe ya kwanza pamoja. Alimfokea siku nzima. Nurzat alitabasamu siku nzima.

Tulishona kwa ari, wifi, sijui nikuelezeje. Watu walikuwa wanakuja kabla ya wakati. Hata wale waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa maji ya bustani walikaa upande mmoja wa zulia. Tulipomaliza, mama akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kupapasa kingo. Tulimfuata pembeni. Karibu na kona ya mwisho vidole vikasimama.

"Hapa nani alikata?"

Miaka yote niliyofanya kazi mle, swali hilo halikuwahi kupata mwenyewe. Daima ni sufu, ni mkasi, ni hali ya hewa. Nurzat akasogea mbele. "Ni mimi, mama. Mkono uliteleza, na nilidhani uzi utaficha."

"Uzi hauwezi kuficha kitu," mama akasema. "Mimi nimejaribu. Fumua, tukate upya."

Kukata upya kulimaanisha kuchelewa, kwa hiyo nikampigia Bwana Turatbek mwenyewe na kumweleza kosa liko wapi na tunalirekebishaje. Simu ilinyamaza nikadhani ni upepo. Kumbe alikuwa anafikiri. Akasema, "Hii ni mara ya kwanza kiwanda hicho kinaniambia kosa kabla mteja hajaniambia." Akatupa muda. Gari lilikuja jana, hoteli ilimtuma mtu wao akayakagua mazulia yote mawili kwa tochi, akatia saini bila neno. Binamu abaki mjini na koti lake zuri.

Na sasa ndilo lile nililotaka ulijue kuliko yote. Gari lilipoondoka, wote tulikuwa uani tukipunga mikono kama watoto. Mama akaja mbele yangu, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa. Unajua kwamba tangu niolewe hajawahi kuniomba kitu, ananiagiza tu. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Bosi, naomba ruhusa wiki ijayo. Nataka kwenda mjini Naryn kwa daktari wa macho."

Nikampa ruhusa, wifi. Nikaitikia kwa kichwa, naye akaniambia nijifute pua, watu wanaona.

Joldosh atampeleka, na daktari akisema ni mtoto wa jicho atapasuliwa. Mama anajua nimekuandikia haya yote. Amesema tu nisimfanye mnyonge. Nisalimie mumeo, umwambie mama yake Kalipa ni mzima na supu yake kweli ina chumvi. Wabusu watoto kwa niaba ya wanangu Begimai na Uluk. Nurzat naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu akulinde ugenini, akupe riziki isiyokuchosha, na akurudishe mlangoni kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye bila kukoma,

Asylkan