Nilimpa Alama Kabla ya Kuingia Darasani

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, nishike mkono maana mwenzio nimekwisha. Mimi ni mwalimu wa kiume, mkuu wa idara ya Kiingereza katika shule ya msingi, na kila muhula kazi yangu ni kukaa nyuma ya darasa la mwenzangu nimtazame akifundisha, halafu nijaze fomu ya alama nimpelekee mwalimu mkuu. Sasa muhula huu zamu ilimwangukia madamu mmoja aliyebakiza miaka miwili astaafu, na huyo ndiye aliyenifundisha Kiingereza mimi mwenyewe nikiwa mtoto, mpaka leo ananiita mwanangu mbele ya walimu wote na mimi namwita mama, hebu niambie Shangazi, mtoto anampimaje mamake? Nikafanya tunavyofanya sote pale shuleni kwa mtu tunayemheshimu, nikajaza fomu kabla ya kipindi huku nakunywa chai, thelathini na nane kwa arobaini, nikatia sahihi, nikamkabidhi mwalimu mkuu, ndipo nikaenda darasani kutimiza wajibu tu.

Jamani! Siku hiyo alifundisha namna ya kumwelekeza mgeni njia, akaandika tarehe ubaoni kwa mwandiko wake ule mzuri, watoto wakajibu, aliyepata akapigiwa makofi, nikasema moyoni huyu ndiye mama ninayemjua. Kisha akafuta ubao, akaandika tarehe ileile, akasema, “Leo tutajifunza kumwelekeza mgeni njia,” akaanza upya, maswali yaleyale, na wale watoto wakanyoosha mikono kwa hamu kana kwamba hawajawahi kuyasikia, na mpaka kengele inalia alikuwa ameshaanza mara ya tatu. Binti niliyebanana naye dawati la nyuma akaninong’oneza, “Akirudia tunajibu tu, mwalimu. Siku moja tulicheka, akalia.” Nikainamia daftari nikajifanya naandika, maana machozi yalikuwa yananitoka, mtu mzima mimi.

Mlangoni mama akanishika bega akaniuliza, “Umeniona, mwanangu? Bado nimo!” Nikamjibu, “Umo, mama.” Kufika ofisini namkuta mwalimu mkuu na fomu yangu mkononi, anachekelea, anasema kwa alama hizi madamu atachukua na darasa la mtihani kuanzia Jumatatu. Shangazi, nikageuka nikatoka zangu. Nikisema kweli ataondolewa kwa aibu na mimi cheo sina, nikinyamaza wale wakubwa wa darasa la mtihani watamcheka mpaka basi, na mtihani wenyewe watafeli. Sioni mlango wa kutokea.

Mkuu wa idara asiyefaa

Wewe mkuu wa idara, pole, na pole yangu ni ya kweli, maana umemwona mtu aliyekulea akipotea na umekaa hatua chache tu kutoka kwake. Pole nimekwisha kukupa, sasa nisikilize. Unaita heshima, mimi naita woga. Ungekuwa unamheshimu ungemtazama kwanza, ndipo ukakamata kalamu. Na hayo ya “tunavyofanya sote” yameze, hapa hayakusaidii kitu.

Tena loo, barua nzima hukusema anaishi na nani, ana mume au hana, watoto wake wako wapi. Mwana gani wewe? Leo hii nenda nyumbani kwake. Usimtume mtu, usimwandikie ujumbe. Mwambie ulichokiona, mbele ya mtu wa nyumba yake, na umwombe mwende wote kwa daktari, kwa sababu wewe hujui ana nini na mimi sijui.

Ukitoka hapo, kabla ya Jumatatu, ingia kwa mwalimu mkuu useme kwamba fomu ile uliijaza bila kuona somo. Atafoka, mwache afoke, cheo kikienda kimeenda. Andika nyingine, uweke zile mara tatu bila kupunguza hata moja, na chini yake uombe apewe likizo ya ugonjwa, asifukuzwe. Darasa la mtihani lichukue wewe mwenyewe. Umelalamika vya kutosha, sasa fanya kazi.

Sitakudanganya kwamba haya yataisha vizuri. Atakasirika, pengine atakutoa nje, atakuuliza kama hivyo ndivyo alivyokufundisha. Na huenda ukirudi keshokutwa ukamkuta anatabasamu, anakukaribisha ndani, hakumbuki neno hata moja, ikabidi umwambie tena tangu mwanzo. Mwambie tena, polepole, kama ndiyo mara ya kwanza.