Kiuno cha Yaya Ntumba

Jumamosi. Baridi ya kiangazi cha huku kwetu, vumbi jekundu limetanda mpaka juu ya sahani zilizooshwa. Moyo wangu umetulia kidogo leo, ndiyo maana ninaandika.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba dada yangu mkubwa, Yaya Ntumba, yuko kwangu tangu waganga wa hospitali kule Lubumbashi waseme kansa ya kizazi imesambaa, hawana tena cha kukata. Sisi tukasema waganga wamemaliza, Mungu hajamaliza. Kikundi chetu cha maombi kikaja, Mama Véro akamwekea mikono, akatangaza kwamba Yaya amepona.

Tangu siku ile Yaya hajawahi kusema anaumwa.

Mimi ninayemwosha ninajua. Nikimgeuza anauma kitambaa. Chakula anasukuma. Lakini ukimwuliza, jibu ni moja: "Kwa jina la Yesu, niko muzuri." Muuguzi wa kituo chetu cha afya, kijana mzuri, ndugu katika Bwana, alikuwa akimwuliza hivyohivyo, anajibiwa hivyohivyo, anasema "Amina", anaacha vidonge vya parasetamo na kwenda zake. Mimi niko pale pembeni, ninasema "Amina" pia.

Ningefanyaje? Niseme dada yangu anaumwa, niwe mimi wa kuvunja ushuhuda wake?

Leo asubuhi kijana hakuja. Alikuja Mama Odile, muuguzi mtu mzima, mnene, mwenye kuongea kwa sauti kama yuko sokoni. Mama Véro na wenzake wawili walikuwa wamekaa kitandani wakiimba. Mama Odile akasubiri wimbo uishe, akauliza. Yaya akajibu jibu lake. Wote wakaitika.

Mama Odile hakuitika. Akavuta kiti.

"Mama, imani yako sikuiuliza, ninaiona. Miye ninauliza kiuno. Kiuno kinasema nini?"

Yaya akacheka! Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini. Halafu uso ukabadilika, machozi yakamtoka.

"Kiuno kinalia, mama. Usiku, muchana, kinalia tu."

Mama Odile akauliza kinalia wapi, kama moto au kama kisu, kinamwacha alale? Yaya akaeleza yote, taratibu, kama mtu anayesema habari za jirani msumbufu.

Kisha Mama Odile akatoa chupa ya siro, dawa ya maji ya maumivu makali. Mofini.

Mama Véro akasimama. "Ile ni ya kumaliza muntu. Ukinywa ile, umeshakubali lufu." Akachukua kitambaa chake cha kichwa, wakatoka wote watatu. Mimi nikamvuta Mama Odile mpaka uani, nikamwuliza bila aibu kama ni dawa ya kufa.

"Hapana, mama. Ugonjwa uko palepale, siro haiuondoi, na haimuharakishi. Inaondoa mauchungu, na tutaanza na kidogo. Muombe Mungu vilevile. Lakini usimuache aumie akingojea." Akashusha sauti, kwa mara ya kwanza. "Hata sisi waganga wengi tunaiogopa. Miye pia nilikuwa naificha, nampa muntu tu akiwa anakata roho. Ndiyo maana watu wanasema inaua. Wanaiona siku ya mwisho tu."

Nikarudi ndani. Nikasema, "Yaya, tukupe?"

"Weye unauliza nini tena? Leta!"

Akanywa. Akakunja uso kwa uchungu wa ladha, akasema serikali ingeweka hata sukari.

Kufika mchana alilala. Usingizi wa kweli, mdomo wazi, anakoroma kama baba yetu marehemu. Nikakaa naye nikimwangalia kifua kinapanda, kinashuka. Niliogopa, nisidanganye. Kila akinyamaza kidogo, nilisogeza sikio.

Aliamka akaomba uji. Nusu kikombe, akasema una chumvi nyingi. Kisha akanishika mkono, akauliza kitu ambacho nadhani ndicho kilichomfunga mdomo muda huu wote:

"Kwa kuwa nimesema inauma, mutaacha kuniombea?"

Ee Mungu wangu.

Nikamwambia hapana, Yaya. Nikapiga magoti palepale, na kwa mara ya kwanza niliomba nikitaja kiuno, nikitaja usiku, nikitaja woga wake na wangu. Sikutangaza chochote. Niliomba tu. Ya muujiza nimemwachia mwenyewe Mwenye muujiza, yeye hazuiwi na siro.

Mama Véro atarudi, ninamjua, anampenda Yaya kweli. Sijui maneno bado. Lakini nitaongea naye uani, kabla hajaingia kumwuliza dada yangu kama amepona.