Kigari cha Mzee Kariuki Nilichokipaka Rangi kwa Nje

Kabiria, Nairobi
Jumatatu

Mama Sharon wangu,

Uko aje huko Vihiga? Watoto wako aje, na yule ng'ombe anayekataa kusimama akikamuliwa, ametulia? Mimi niko. Nikisema niko salama utajua nakudanganya, kwa hivyo wacha tuseme niko tu. Barua hii nampa Fanuel, jirani yangu, anayekuja mazishi huko kwao. Kwa simu ungesikia kikohozi changu, na mazungumzo yangekuwa ya kifua peke yake.

Kifua ni kile kile. Tangu daktari anikataze kushika bunduki ya kupulizia rangi, mwenye gereji amenipa kazi ya kuosha vipuri na kufagia. Watu niliowafundisha mimi kuchanganya rangi sasa wananiambia, "Mzee, pisha kidogo." Napisha.

Sasa nikuambie kuhusu ile kazi niliyokudokezea, ile niliyosema itatutoa kwenye shida hii. Kuna mstaafu anaitwa Mzee Kariuki, anakaa Kilimani. Jumapili baada ya kanisa yeye na wenzake hukutana mahali pa kuegesha magari, ofisi zikiwa zimefungwa, wanashindanisha vigari vya rimoti. Usicheke. Ni watu wazima wenye vitambi, na wakishindwa wananuna kuliko watoto. Aliniletea kigari chake cha zamani, alichonunua akiwa kijana, cha kurukaruka kwenye mchanga. Alitaka nikigeuze kikimbie kwenye lami, halafu nikipake nyekundu na mstari mweupe. "Ukinitolea kitu safi," akasema, "hawa wenzangu wote watakuletea vyao. Kuna mmoja wa Spring Valley anatafuta fundi sana."

Niliona mlango, mke wangu. Kitu chenyewe hakizidi urefu wa mkono, rangi yake ni ya mkebe mdogo, unapuliza kidogo ukiwa kwenye hewa na kifua hakijui. Ndiyo maana nilikuambia shule zikifunguliwa wewe na watoto mje tukae pamoja hapa.

Kazi ya chini ilinitii. Kigari kilikuwa kimesimama juu kama mtu anayevuka matope. Nikatoa springi ndefu, nikaweka fupi, kikalala. Nikang'oa tairi za meno, nikaweka kipara. Hapa Nairobi polisi akikukuta na tairi kipara mtasumbuana, lakini kwa hivi vigari ndizo zinazotafutwa, kwa sababu zinashika lami. Nikakijaribu kwenye uwanja wa saruji wa kanisa, kikakata kona bila kubingirika. Nilicheka peke yangu.

Ikabaki bodi, lile ganda la juu. Mzee aliitunza kwenye boksi miaka hii yote bila kuigusa, plastiki nyembamba ya kuona hadi ndani kama chupa ya maji. Siku hizi hazitengenezwi tena. Mimi nikafanya vile nimefanya maisha yangu yote. Nikaisugua kwa msasa nje, nikafuta vumbi, nikapuliza rangi nje, safu nyepesi juu ya nyingine, nikaing'arisha. Wacha nijisifu mara moja: ilitoka kama gari ya harusi. Niliiweka juu ya stuli mlangoni ili wapita njia waione.

Mzee alipokuja aliichukua, akaigeuza, akachungulia ndani, akatazama tena nje.

"Fundi, umepaka kwa nje?"

"Si gari hupakwa nje, Mzee?"

"Hizi hupakwa ndani. Ndiyo sababu plastiki ni ya kuona. Rangi inakaa chini, plastiki inaikinga. Hii yako itabanduka siku ya kwanza ikigonga ukuta."

Alisema polepole, bila hasira, na hapo ndipo niliumia. Nikamwambia hiyo si shida, naitoa sasa hivi. Nikachovya kitambaa kwenye tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, kama ninavyofanya kwenye mlango wa gari. Akasema, "Ngoja kwanza," lakini mkono ulikuwa umeshafika. Rangi ilitoka, kisha plastiki ikawa nyeupe, ikajikunja, ikapasuka kutoka mbele hadi nyuma. Nikabaki nimeishikanisha kwa vidole eti itarudiana. Mlango wa gari ni chuma, Mama Sharon. Hata sikufikiria.

Mzee alichukua rimoti akakiendesha kigari hapo nje kikiwa uchi, nyaya zikionekana. Kikakimbia vizuri sana. "Hii ya chini umefanya kazi ya maana," akasema. Akakifunga kwenye gazeti, akanipa mkono, akaenda. Bodi aliniachia. Yule wa Spring Valley nilimpigia, akasema amesikia, na kwamba atanitafuta. Hakuna mtu hutafuta fundi akishasikia.

Nimechoka. Nakwambia wazi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nilidhani hata nikinyang'anywa bunduki ya rangi bado nina mkono wa rangi. Sasa sijui nina nini. Jana nilikaa kwenye ibada mpaka mwisho na sikuomba chochote, sikujua nianzie wapi.

Kwa hivyo usifungashe vitu. Watoto wabaki shule hiyo hiyo. Najua Sharon ameshawaaga marafiki zake, na najua umewaambia akina mama wa kanisa. Nisamehe kwa hiyo aibu.

Nisalimie mama, mwambie ninakula vizuri. Msalimie dada yangu anayefundisha nasari, na mjomba kinyozi. Halafu kuna jambo lingine, ulifanye taratibu. Baba yako alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Najua kwetu mkwe hashindi kutwa na baba mkwe, hata kusalimiana kwa mkono ni kwa adabu zake, na najua wazee watasema nini. Muulize kama nafasi bado ipo. Usimwambie ni nani anaitaka, mpaka akubali kwanza.

Mimi wako wa siku zote,
Baba Sharon