Kosa Halikuwa la Udongo Wako, Baba

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa magoti kama mlivyonifundisha, ingawa niko ng'ambo ya ziwa na hapa nimekalia ndoo, maana kiti changu kimoja dada Wini amekijaza nguo anazofungasha. Mguu wako unaendeleaje? Wini kaniambia siku hizi unafika kanisani bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Na Mama, kifua kimetulia? Mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo utajionea mwenyewe ukiendelea kusoma.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu unayo. Baba, wiki hii nimekupigia mara tatu. Mara zote uliweka sauti kubwa ili Mama na majirani wanisikie, nami nikaishia kuuliza migomba inaendeleaje na mvua imenyesha kiasi gani. Ninalotaka kukuambia siwezi kulisema mbele ya jirani. Wini atakukabidhi barua hii mkononi akishuka melini. Tafadhali isome yote kabla hujamwita mtu. Na kama wale wachimba visiki wameshafika, waambie wakae kwanza wanywe uji.

Ni habari ya kahawa.

Unakumbuka ule mfuko wa buni ulionitumia baada ya mavuno? Mimi ndiye niliyekuomba. Pale kazini, kwenye kiwanda chetu kidogo cha kukaanga kahawa, tunapokea buni kutoka sehemu nyingi, na kazi yangu ni kuwaeleza wateja imetoka wapi na kwa nini haifanani na ya kwingine. Nasimama na aproni yangu naanza: hii ya Kilimanjaro imeota juu, baridi imeichelewesha kuiva, ndiyo maana ina uchachu mtamu kama wa chungwa. Hii ya Kagera ni robusta, nzito, imekulia kivulini mwa migomba. Udongo, mvua, mwinuko, kivuli, vyote unavikuta kikombeni. Watu wananisikiliza midomo wazi. Nikavimba kichwa, Baba. Nikajiona kama huo udongo nimeuumba mimi. Na nikatamani siku moja nisimame pale niseme: hii sasa ni ya baba yangu.

Mfuko ulipofika, Bwana Fidelisi, yule mzee anayeonja kahawa zote kabla hazijauzwa, alikuwa amesafiri. Chumbani kwangu paa linavuja, kwa hiyo nikauweka stoo kwa mama mwenye nyumba, Mama Bahati. Jambo ambalo sikuwahi kukuambia ni kwamba Mama Bahati anauza dagaa. Stoo yake ina magunia ya dagaa kutoka sakafuni hadi dirishani. Nilikuwa nimeishi na harufu ile mpaka pua yangu haiisikii tena. Buni zako zilikaa humo karibu majuma matatu, zimeegemea dagaa.

Siku ya kuonja tulikuwa wanne mezani. Bwana Fidelisi akakaanga kidogo, akasaga, akamwagia maji ya moto, akasubiri, kisha akachota kwa kijiko na kufyonza kwa kelele kama kawaida yake. Akatema. Akachota tena. Akaniangalia.

"Koku, hii imelala wapi?"

Baba, hapo ndipo mdomo wangu ulipotuponza sote. Wenzangu kazini nilikuwa nimewaambia napanga nyumba nzima yenye bustani na upepo wa ziwa. Nikaona nikitaja stoo ya dagaa nitachekwa mpaka nistaafu. Nikasema, "Imetoka moja kwa moja kwa Baba. Imefika juzi."

"Basi ina samaki," akasema. "Samaki na tope. Sijui shamba hilo lina nini."

Wenzangu wakaguna. Mimi badala ya kunyamaza nikaingia na elimu yangu. Nikasema shamba letu liko karibu na ziwa, na kahawa huchukua ladha ya mahali inapoota. Haki ya Mungu nilisema hivyo, kwa sauti ile ile ninayowasemea wateja! Na la ajabu zaidi, nikaamini. Nilijua nimedanganya siku tu, imefika juzi badala ya majuma matatu, nikaona ni uongo mdogo. Kwamba harufu ya dagaa ingeweza kuingia kwenye buni haikunipitia kichwani hata kidogo.

Kesho yake nikakupigia. Nikakuambia udongo wetu umeharibika, kwamba wanaojua kahawa hawawezi kuinunua yetu, afadhali uing'oe upande miparachichi. Kisha ukauliza, "Udongo wa baba yangu una samaki?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikasema, "Ndivyo kipimo kinavyoonyesha, Baba."

Ukasema, "Sawa, mwanangu. Wewe ndiye uliyesomea."

Kwa nini hukunibishia? Umenibishia kuhusu nywele zangu, kuhusu yule mchumba wa Geita, hata kuhusu namna ya kumenya ndizi. Hili moja, ambalo wewe ndiye uliyekuwa na haki, ukalikubali hivi hivi. Ungenitukana siku ile ningekushukuru leo.

Sasa sikia kilichotokea. Wini alipokuja Jumanne hii kunisalimu, Mama alimpa kopo la buni za mavuno yale yale, zilizokuwa zimebaki nyumbani, ili ninywe huku nisiwasahau. Kopo lilikuwa limefungwa kifuniko barabara, ndani ya begi lake. Siku hiyo hiyo nikalipitisha kazini. Bwana Fidelisi alikuwa anajaribu mashine mpya na alihitaji buni zozote tu. Nikamwambia, "Chukua hizi, hazina maana."

Akakaanga. Akaonja. Akasimama na kijiko hewani.

"Hii ya wapi?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Akaonja tena, safari hii hakutema. "Ina utamu wa ndizi zilizokaushwa, na mwishoni kuna kitu kama kakao. Robusta za ziwa hili nimeonja miaka mingi, Koku. Chache zimenifanya ninyamaze."

Nikamwambia ni ile ile ya samaki. Akaweka kijiko mezani polepole, akasema, "Nilikuuliza imelala wapi."

Nikamweleza yote, stoo, dagaa, nyumba yangu ya bustani. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alisema buni ni kama nguo, ukiitundika jikoni itanuka jikoni. Shamba linaipa ladha yake, akasema, na sisi huku njiani kazi yetu ni kutoiharibu. Mimi nimewaeleza wateja mambo ya milima na mvua mpaka koo likakauka, na hilo la njiani nilikuwa nalipita kama halinihusu.

Nilirudi nyumbani nikafungua mlango wa stoo na kuvuta pumzi kwa makusudi. Loo! Ilinipiga hadi machozi. Mama Bahati akanikuta pale akaanza kunitania kama kawaida yake: "Ninyi Wahaya kwa kujisikia! Ungewaambia tu unakaa kwa muuza dagaa. Dagaa wangu wana kosa gani?" Nilipomweleza habari ya shamba akaacha kucheka, akakaa juu ya gunia. "Mzazi wa watu," alisema.

Bado nilikuwa najipa moyo kwamba labda ulikuwa unafikiria tu kung'oa. Kumbe! Wini ndiye aliyenipasulia. Kaniambia upande wa chini umekwisha, mibuni yote aliyopanda Babu, na visiki vyake vimeshachomwa mkaa. Umebaki upande wa juu, na wachimbaji umekwishapatana nao waanze baada ya sherehe ya Kipaimara. Nilimuuliza mara mbili kama kweli umeamua kuung'oa na upande wa juu. Akasema unasema huwezi kubaki na kitu ambacho mwanao anakionea aibu.

Baba, sikuwahi kukionea aibu. Niliona aibu chumba changu. Najuta. Nimejuta nilipoamka leo, nimejuta kanisani hadi sikusikia mahubiri. Ningeweza kwenda kuungama kwa padri, lakini dhambi hii nimekutendea wewe, na wewe ndiye wa kuniambia kama inasameheka. Nimeomba ruhusa kazini, nakuja na meli ya Ijumaa. Nitachimba mashimo upande wa chini kwa mikono yangu na kupanda miche. Najua mche si mbuni wa Babu. Najua inachukua miaka hadi izae, na miaka hiyo sina pa kuitoa nikurudishie.

Bwana Fidelisi anataka kuja kuliona shamba. Nilimwambia ajipe muda, maana sikujua nimlete kwako kwa uso gani.

Nisalimie Mama, umwambie kopo lake limefika na limefanya kazi ambayo hakulituma. Msalimie Bibi, umpigie kelele sikioni kwamba Koku anakuja. Msalimie shangazi yangu wa kule juu, na mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kusoma noti. Wale watoto wa kaka waambie zawadi zao ninazo. Na jirani anayependa kusikiliza simu zetu, naye msalimie, sina ugomvi naye.

Kuna jambo moja Wini alilitaja mwishoni kabisa, huku anakunja kanga, kama mtu asiyetaka lisikike. Amesema tangu siku ya simu yangu, mgeni akiingia humkaribishi tena kwa zile kahawa kavu za kutafuna za shambani kwako. Unamtuma Mama akanunue kwa jirani, na ukiulizwa unasema zako zimekwisha. Wewe, Baba! Wewe ambaye mgeni alikuwa hajakaa sawasawa, kisahani kimeshafika mbele yake, na unamwangalia anavyotafuna ili uone atasema nini.

Kwa hiyo wachimbaji waambie warudi kwao. Halafu mtu wa kwanza atakayepiga hodi leo, awe nani awaye, mletee kisahani cha kahawa za kutafuna, na zitoke kwenye mibuni yako.

Mimi mwanao niliyekudanganya,

Kokugonza