Alama ya Dole Gumba Kwenye Bastola ya Marehemu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu, maana nilipofika sina tena ubavu wa kuchagua. Naomba unisaidie kuamua jambo ambalo mke wangu analiona la kipuuzi lakini mimi linaninyima raha. Mimi ni fundi saa, kazi na duka nimeachiwa na baba aliyefariki mwaka jana, na pamoja na duka nikarithi bastola yake, kibali kimeshahamishiwa jina langu, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Baba alikuwa na jasho kali la mikono lililokula chuma, koleo akiishika leo keshokutwa ina kutu, ndiyo maana saa za watu alizifungua kwa glavu miaka yote, na bastola ilijaa alama za vidole vyake mpaka fundi wa silaha alipoisugua ikawa kama mpya. Nikaipaka mafuta, nikaifungia kwenye sanduku la chuma la baba chumbani, ufunguo uko shingoni kwangu hata nikioga.

Kila Jumapili mchana naitoa kuifuta. Jumapili ya tatu nikakuta alama ya dole gumba ubavuni mwa mtutu, alama ya kutu, mistari yote ya kidole inaonekana, nikaifuta. Baada ya wiki mbili ikarudi, na si palepale, imesogea, na Jumapili iliyopita imefika kando ya kifyatulio. Nimeweka dole langu juu yake, alama ni ndogo kuliko langu, na jasho langu mimi halijawahi kudhuru chuma, nikakumbuka baba alivyokonda mwishoni hadi vidole vikabaki njiti, nikairudisha sandukuni bila kumaliza kuifuta.

Nilipomweleza mke wangu akasema, "Baba watoto, mzee ameshapumzika, na wewe mpumzishe basi." Ni rahisi kwake kusema, yeye ana vita vyake na binti yetu wa pili, ana miaka kumi na saba, ndiye aliyemuuguza babu yake hadi siku ya mwisho, na tangu tumzike amekuwa mtu wa kujifungia na cherehani, chakula anakidonoa, ukimwita anaitika mara ya tatu, na mama yake anamgombeza kila siku kwamba sindano na mkasi vinaota kutu mikononi mwake kwa uzembe. Kwa hiyo nyumbani sina wa kuzungumza naye.

Fundi wa silaha amenipa njia mbili. Anibadilishie mtutu na kipande cha juu aniwekee vya stenilesi, ambavyo jasho la mtu halifui dafu mbele yake, au aipake rangi nyeusi ngumu ya kuokwa kwenye tanuri, na alama isionekane tena. Mimi naegemea rangi, kwa sababu kusema kweli naogopa, sitaki kukiona tena kidole kile. Je, nichague ipi, na nikiipaka nitakuwa nimemfukuza baba? Namba ya simu ya nyumbani nimeiandika chini, usiichapishe.

Fundi Saa

JIBU

Fundi Saa, pole kwa kufiwa. Sasa kaa chini nikuseme. Wewe unayeona unywele ndani ya saa ya mkononi, umeniandikia kurasa mbili na jibu umeliweka katikati mwenyewe ukalipita! Sindano zinaota kutu mikononi mwa nani? Jasho la marehemu halikuzikwa naye. Baba yako amelala. Anayesogeza kidole yuko hai, na ameshafika kwenye kifyatulio. Ufunguo unao shingoni, sawa, lakini masanduku ya namna hiyo huuzwa na funguo mbili, na aliyemuuguza mzee ndiye angejua wa pili ulikowekwa.

Unaniuliza stenilesi au rangi. Zote nzuri, na leo zote nazikataa. Stenilesi isingeshika alama, rangi ingeificha, na wewe ungeendelea na kitambaa chako kila Jumapili ukiamini nyumba imetulia. Kutu hiyo ndiyo peke yake iliyokuambia ukweli humo ndani. Ichukue bastola na risasi zake leo, zipeleke kituo cha polisi wazitunze. Usizifiche dukani, na usimwachie jirani. Mama wa binti aache kelele za sindano. Kaa na mwanao, muulize waziwazi kama anafikiria kufa, kumuuliza hakumpi wazo hilo. Usimkaripie, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali akaonane na mtaalamu.

Sikungoja gazeti litoke. Nimekupigia simu tangu juzi, maana anwani hukuandika. Mara ya nne, saa nne asubuhi, simu ikapokelewa. Nilisikia cherehani ikisimama, kisha mtu akawa anapumua tu mpaka simu ikakatika. Nimeogopa, nakwambia wazi.

Binti, kama ulikuwa wewe, na kama umeufikia ukurasa huu kabla ya baba yako, nisikilize. Babu yako hajakuita. Aliishi na mikono hiyo hiyo hadi uzeeni, akatengeneza saa za mtaa mzima. Mwonyeshe baba yako ukurasa huu. Leo saa nne nitapiga tena, na kesho saa nne. Huna haja ya kusema kitu. Kanyaga cherehani tu, nijue upo.