Mpaka Kikombe Kiishe

Mama,

Mashine yako ya kusaga haijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Tangu tukuzike, au tuseme tangu wakuzike, maana mimi niliangalia kwenye simu nikiwa na yunifomu ya sekiuriti huku ughaibuni, Al Wukair, Baba Mdogo anasema injini imekufa pamoja nawe, ichukuliwe na watu wa vyuma chakavu. Dada Nekesa amemzuia mpaka nije likizo Desemba. Amemwambia mimi kaka yake nitaitengeneza. Baba Mdogo alicheka, na simlaumu. Kila tulipoifungua injini, hukuniachia hata vali moja nimalize kuisaga. Nikikaribia mwisho ulinisukuma kando: "Leta hapa, utaniharibia." Kinyongo hicho bado ninacho, Mama.

Basi nikamwomba supavaiza injini ya pampu ya bustani waliyotaka kutupa, nijaribie mkono. "Khalas, chukua," akasema. Siku yangu ya ofu nikaifungua nyuma ya stoo. Vali ilikuwa nzima, lakini kiti chake, pale inapokalia, kilikuwa kimeliwa vishimo, pumzi inatorokea hapo. Nikakikwangua kwa kikatio cha mkono mpaka kikang'aa mzunguko mzima. Nikapaka dawa ya kusagia, nikapekecha kijiti kilichoshika vali kati ya viganja kama wewe. Inua, zungusha kidogo, rudia. Nikafuta, nikauona ule mstari wa kijivu, mwembamba, wa vali iliyokaa sawasawa.

Ikabaki sheria yako: mimina mafuta ya taa juu ya vali, kanywe chai. Kikombe kikiisha na tundu la chini halijalowa, imekubali.

Sikuwa nimenywa chai tangu ufe. Nekesa aliniambia watu walivyoinywa uani kwako siku zote za matanga, mashine imenyamaza, na mimi nikashindwa kuimeza. Kwa hiyo nikadanganya. Nikagugumia maji haraka badala ya chai, nikachungulia, nikaona pakavu, nikafunga injini. Ikakohoa mara mbili ikazima. Nilijikasirikia mpaka nikakosa usingizi.

Wiki iliyofuata nikafungua tena, nikasaga upya. Safari hii nikanunua karak, chai yao ya maziwa, ya moto, nikakaa juu ya ndoo, nikainywa polepole. Nililia, sikufichi. Kikombe kilipoisha nikapitisha kidole kwenye tundu. Kikatoka kikavu.

Pampu sasa inamwagilia miti yote ya hapa. Nekesa alimwonyesha Baba Mdogo video, na anasema safari hii hakucheka.

Desemba nitaifungua injini yako, na vali ya mwisho nitaimaliza mimi. Kisha nitapika chai, nikae kwenye kigoda chako, ninywe bila haraka, na watu wa kijiji wataleta mahindi yao.

Pumzika, Mama. Usiinuke kuja kunisukuma.

Mwanao,
Wekesa